Taa Aliyoizima Fundi

"Usivute! Utaivunja."

"Nimeshika tu, baba watoto. Sijavuta."

"Plastiki ya gari la umri huu haivutwi. Inabembelezwa."

Mkewe akaondoa vidole kwenye ukingo wa dashibodi, akarudi kushika tochi. Zamani angemjibu, mbona mimi sibembelezwi hivyo, wakacheka mpaka kazi ilale. Siku hiyo alinyamaza, na fundi akajuta kusema.

Gari lilikuwa la mkewe. Tangu msiba wa mama yake lilikaa nyuma ya nyumba chini ya paa la bati, likila vumbi, na funguo alizifungia kwenye droo ya cherehani. Hakutaka mtu aliguse, hata mumewe ambaye ni fundi umeme wa magari. Kisha juzi, bila kuulizwa, akasema analiuza. Mnunuzi alipatikana, na asubuhi hiyo alituma ujumbe:

"Nakuja leo alasiri. Kioo cha dereva kipande na kushuka, honi ilie, na taa zote za dashibodi ziwake. La sivyo sichukui."

Honi ilikuwa waya uliokatika, kazi ndogo tu. Swichi ya kioo ilikuwa na kutu, akaikwangua. Kishikio cha mlango kilichopasuka alikigandisha kwa gundi na kukifunga uzi kikauke. Alizunguka gari zima akitafuta vya kutengeneza, hata vile ambavyo mnunuzi hakuvitaja. Dashibodi aliiacha mwisho, na sasa ilikuwa imebaki yenyewe.

Alibandika kitambaa cha maji ya moto juu ya vibano vya plastiki ili vilainike, ndipo avipenyezee bisibisi. Ndivyo alivyozoea na magari makuukuu.

"Maji yamepoa," alisema. "Nenda kachemshe mengine."

"Yapo kwenye chupa. Nilijua utayataka."

"Basi niletee tepu. Ile nyeusi."

"Si hiyo mfukoni mwako?"

Fundi akapapasa. Ilikuwepo.

"Kwani unanifukuza?" mkewe akauliza.

"Jua kali. Nenda kapumzike."

"Sipumziki. Gari hili ndilo lililonichelewesha kwa mama. Nataka nilione linakamilika, nilione linatoka getini, nimalizane nalo."

Siku ya kifo cha mama, kaka yake mkubwa alimpigia simu: mama amezidiwa, anakutaja wewe. Akaondoka mbio peke yake. Katikati ya safari gari likazimika, betri haina hata cheche. Alipofika kwa kaka kwa basi, mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Mumewe alikuja nyuma, akiwa amelivuta lile gari, na mbele ya ndugu wote akamuuliza, "Au uliacha taa zinawaka usiku?"

Hakukumbuka kuziacha. Lakini anayeuliza ni fundi, naye akaamini. Mdogo wake wa kike akapasuka palepale: "Mama kakuita mpaka pumzi ya mwisho, wewe umeshindwa hata kuzima taa!" Tangu hapo hakukanyaga tena kwa ndugu zake. Nguo za wateja zikalala juu ya cherehani, na chakula alikipika akawaachia wengine wale.

Kibano cha kwanza kikatoka kizima. Cha pili kikalia "tak" na kukatika. Fundi hata hakulaani. Akavuta kisanduku cha mita na taa za dashibodi taratibu, akakigeuza, na mkewe akainama na tochi.

"Tundu hili halina balbu."

Fundi akapangusa bisibisi.

"Mengine yote yanazo. Hili limezibwa na tepu. Ni la taa gani?"

"Ya betri."

"Ile nyekundu? Niliyokuwa nakuambia inawakawaka?"

"Hiyo."

"Ukaniambia umeshaitengeneza. Na kweli haikuwaka tena."

Hapo alikuwa na njia. Angesema balbu iliungua, na mke ambaye hajui balbu wala fyuzi angepokea, gari lingeuzwa, na siri ingeondoka na mnunuzi. Nawaambia ukweli, mdomo alishaufungua aseme hivyo. Kisha akamtazama mkewe, akaona mifupa ya shingo iliyokuwa haionekani zamani.

"Niliitoa mimi."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaniuliza kila jioni. Nami nilikuwa na magari ya watu gereji. Nikasema nikuondolee wasiwasi, nikipata nafasi nitaishughulikia altaneta yenyewe."

"Altaneta ndiyo nini?"

"Ndiyo inayochaji betri ukiwa unaendesha. Ilikuwa na ubovu mdogo tu. Lakini gari la zamani kama hili, umeme wa kuiamsha altaneta unapita kwenye balbu hiyohiyo. Ukiitoa, haichaji tena. Gari linakula betri mpaka iishe."

"Na wewe fundi hukulijua hilo?"

"Nalijua kama ninavyolijua jina langu. Siku ile nilikuwa na haraka, likanipita."

"Ulilikumbuka lini?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa miezi yote.

"Nilipokuja kulivuta."

"Kabla hujaniuliza kama niliacha taa?"

"Kabla."

Tochi ikashuka mpaka chini.

"Mbele ya ndugu zangu," mkewe alisema polepole. "Ukijua."

"Niliogopa. Kaka yako alinitazama, neno likanitoka. Nikasema nitakuambia baada ya mazishi. Kisha baada ya wiki. Kila nilivyochelewa, likazidi kuwa zito."

"Umeniona silali."

"Nimekuona."

"Umeniona nakonda."

"Nimekuona."

"Ukanikorogea uji kwa mkono wako. Ukaniambia ni mipango ya Mungu, nisijilaumu. Wewe ndiye uliyeniambia hivyo!"

"Mama watoto, nisamehe..."

"Piga simu."

"Kwa nani?"

"Kwa kaka. Weka spika."

Mikono ya fundi, inayounga nyaya nyembamba kama nywele, ilikosea namba mara mbili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, shemeji. Mdogo wangu hajambo?"

"Yupo hapa, anasikia. Kaka, siku ile ya mama, hakuacha taa. Mimi ndiye niliyeliharibu gari. Nilitoa balbu, likawa halichaji. Nililijua siku ileile, nikamsingizia."

Nyuma ya kaka ikasikika sauti ya yule mdogo wa kike: "Kasema nini huyo?" Kisha kilio.

"Wewe bwana," kaka alisema. "Tumelibeba jeneza mimi na wewe, bega kwa bega. Ulikuwa na neno hilo tumboni?"

"Ndiyo, kaka."

"Mpe simu mdogo wangu. Na wewe sina la kukuambia leo."

Mkewe akaipokea kwa mikono miwili.

"Nipo, kaka."

"Sikiliza. Mama alikuita, kweli. Lakini hakulalamika. Alisema, 'Yuko njiani. Msimpigie simu akiwa anaendesha, atashtuka.' Ndiyo maneno yake ya mwisho. Tulikunyima maneno hayo kwa hasira. Tusamehe, mdogo wangu."

Mkewe akakata simu, akakaa kwenye ukingo wa mlango wa gari, miguu nje, akainamisha kichwa. Baada ya muda akaandika ujumbe kwa mnunuzi: "Samahani ndugu. Gari haliuzwi leo." Kisha akamgeukia mumewe.

"Linaweza kunifikisha kwa kaka?"

"Nikirudisha balbu na kubadilisha vipande vya kaboni vilivyolika ndani ya altaneta, litafika. Betri nimeshaichaji."

"Fanya."

Akafanya. Kibano kilichokatika alikitengenezea kingine kwa kipande cha plastiki cha ndoo, akakichonga mpaka kikakaa. Mita ilipokuwa tayari, mkewe alishatoka na begi dogo.

"Twende wote," fundi aliomba. "Nikapige magoti mbele yao."

"Hapana."

"Utarudi?"

Mkewe akaketi, akafunga mkanda. Macho yalikuwa mekundu lakini yalimtazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Miezi yote nimelia kama mtu aliyeua. Mama yangu bado sijamlilia. Niache nikamlilie kwanza. Nikimaliza, ndipo nitajua kama nimebakiza machozi ya kukulilia wewe."

Akawasha gari. Fundi akaenda kufungua geti.