Udongo Juu ya Majani Makavu

Kila jioni, akishavua sare za shule na kuosha vyombo, binti mmoja alichukua reki na kwenda kwenye msitu wa bibi yake. Nyumbani walimwita Kasi, kwa sababu kila kazi aliimaliza kabla wenzake hawajaianza. Sifa hiyo ilimvimbisha kichwa kidogo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kumaliza kazi na kuifanya vizuri ni mambo mawili.

Msitu wenyewe ulikuwa wa misonobari mirefu, iliyopandwa na marehemu babu yake. Chini yake majani makavu, membamba kama sindano, yalikuwa yamelundikana hata mguu ukizama. Wenye misitu wote wa eneo hilo walikuwa wakihudhuria semina katika ukumbi wa ushirika, na huko bwana misitu aliwaeleza jambo lililowashangaza. Ili msitu usiteketee siku ya balaa, alisema, inafaa kuuchoma wenyewe siku ya utulivu, upepo ukiwa mdogo na ardhi ikiwa na unyevu. Moto mdogo utakula majani makavu, na misonobari mikubwa itasalimika kwa sababu ya magome yake manene. Ila kwanza lazima msitu uzungukwe na njia ya kuzuia moto, iliyoparuliwa mpaka udongo mtupu uonekane.

Jirani yao, mbishi mmoja aliyejulikana kama Mzee Hapana, alijibu kwamba hajawahi kuona nyumba inayolindwa kwa kutiwa moto. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Miti yake ilikuwa michanga, kimo cha mtoto, na moto wowote ungeimaliza. Mwishowe alikubali shingo upande, mradi njia iliyo mpakani mwake isibaki na jani hata moja.

Sehemu hiyo ya mpakani ndiyo aliyopewa Kasi. Mwanzoni aliparua vizuri. Alipofika kwenye kibonde, majani yalizidi kuwa mazito, mikono ikaota malengelenge, na huko uwanjani wenzake walikuwa wakicheza mpira kwa kelele. Basi akailipua kazi. Alichota udongo, akautandaza juu ya majani, akaukanyagakanyaga mpaka njia ikaonekana safi kabisa. Bibi alipokuja kukagua alimsifu sana, naye Kasi akajifanya hamnazo.

Siku ya kuchoma, watu walikusanyika asubuhi wakiwa na mabomba ya maji mgongoni. Bwana misitu aliwasha moto mdogo wa majaribio, akatazama moshi unaelekea wapi, akaridhika. Kisha akawakumbusha kwa nini njia huparuliwa. Moto si lazima uruke, alisema. Unaweza kutambaa chini kwa chini, ndani ya majani yaliyofukiwa, ukatokea upande wa pili watu wakiwa wamekwenda kula. Kasi alikitupia jicho kibonde. Lakini kusema mbele ya watu wote wale, na Mzee Hapana akiwapo, aliona ni aibu kubwa. Alijiambia kwamba labda moto hautafika.

Moto ukawashwa. Ulitembea polepole, haufiki hata magotini, na watu wakaanza kutaniana. Ulipokaribia kibonde, Kasi alipiga moyo konde akamwendea bwana misitu.

"Pale kwenye kibonde sikuparua," alisema. "Nilifukia majani kwa udongo."

Bwana misitu hakupoteza muda kumuuliza kwa nini. Aliwaita wenye mabomba, wakamwaga maji mbele ya moto, wengine wakaanza kufukua. Kasi naye alifukua, malengelenge yakimpasuka. Tayari moshi mwembamba ulikuwa ukichomoza kwenye shina la mti mchanga upande wa pili. Mzee Hapana mwenyewe alipiga magoti akaukandamiza kwa udongo uliolowa. Miti yake mitatu ilibabuka. Mingine yote ilipona.

Moto ulipokwisha kazi yake, bibi alimketisha mjukuu wake pembeni. Hakumfokea, na hilo lilimuuma Kasi zaidi.

"Kuchoka si kosa, mjukuu wangu," alisema. "Ungeniambia umechoka, tungeparua wote. Kosa ni kule kufunika. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Haya, nenda kwa mwenye miti."

Kasi alikwenda, macho chini, akaomba radhi. Mzee Hapana alijifuta tope mikononi.

"Ungeniambia jana, ningekugombeza, basi," alisema. "Umeniambia leo, nimepoteza miti mitatu. Ungengoja hadi kesho, tungekuwa tunaongea juu ya majivu. Siku nyingine ukikosea, mwanangu, uje mapema."