Kutoka Mlangoni hadi Daftarini

Mgeni alipiga hodi Jumamosi asubuhi, Eliwaza Ntandu akiwa uani anaanika nguo. Alipofungua geti alikuta mashine yenye kimo cha mtoto wa darasa la saba. Miguu yake miwili myembamba ilikuwa imejaa vumbi jekundu, na mahali pa uso palikuwa na kioo kimoja cha duara.

"Karibu," alisema Eliwaza kwa mazoea.

"Asante. Niite Shuhuda. Nimetumwa na Chuo cha Ukaguzi cha Upeo. Mtihani wako wa vitendo umeanza dakika hii, na utaisha saa kumi kamili jioni."

"Leo? Si mlisema mwisho wa mwezi?"

"Tulisema kabla ya mwisho wa mwezi. Chuo kinataka mkaguzi ajue inavyokuwa kugongewa mlango bila taarifa."

Eliwaza alitazama beseni lenye shuka mbili zilizolowa, akacheka kidogo kwa hofu, akaziacha humo humo.

Kwa miaka miwili alikuwa amesoma ukaguzi na uhakikisho kwenye kiwambo kilichotundikwa ukutani jikoni kwake, kila akirudi kutoka kiwanda cha mafuta ya alizeti. Hakuwahi kumwona mwalimu wala mwanafunzi mwenzake ana kwa ana. Lakini aliyapenda masomo hayo, kwa sababu uhakikisho, kama alivyouelewa yeye, ulikuwa kazi ya kumwambia mtu asiyeweza kwenda kujionea mwenyewe: nimekwenda, nimeona, unaweza kuamini. Katika jiji la Nyanda, ambako kumbukumbu zote ziliandikwa na mitambo, watu wa kusema hivyo walikuwa wachache. Ofisi ya jiji ilikuwa imetenga nafasi nane kwa wahitimu wa muhula huu, na moja ilikuwa na jina lake. Akikosa mtihani angesubiri mwaka mzima, na nafasi ingechukuliwa na mwingine.

"Nipe kazi," alimwambia Shuhuda.

Kioo cha mashine kilionyesha sentensi moja: *Kila mgonjwa wa kisukari katika Mtaa wa Ghalani amepata dawa yake mwezi huu.*

"Hayo ni madai ya Huduma ya Mwewedawa," alisema Shuhuda. "Toa maoni yako kama ni ya kweli. Mimi nitatazama na kuandika tu."

Watu wote wa Nyanda waliwajua Mwewedawa. Walikuwa ndege wadogo wa umeme, weupe, wenye mabawa ya mita moja na kikasha cha baridi tumboni. Kila Ijumaa waliruka kutoka bohari, wakashuka taratibu mlangoni pa mgonjwa, wakasubiri aweke kidole kwenye kioo, kisha wakaacha dawa. Tangu waanze kazi, hakuna aliyepanga foleni ya insulini, na watu waliokuwa wakikatwa miguu kila mwaka walikuwa wamepungua hadi kuhesabika. Eliwaza mwenyewe alikuwa akisimama barabarani kuwatazama wakishuka.

Alifanya kama alivyofundishwa. Daftari la mtaa lilikuwa na majina mia tatu na kumi na mawili. Akachagua ishirini na matano kwa bahati nasibu, akatoka, Shuhuda akimfuata nyuma kwa hatua fupi fupi. Kila mlango alisalimia, akaomba kuona chupa, akasoma namba yake, akailinganisha na daftari. Mama mmoja alitaka kujua kama hiyo mashine inakula. Mwingine alimpa kiti na chai, akavikataa kwa heshima, maana mkaguzi hapokei kitu.

Saa sita mchana alikuwa amemaliza. Chupa ishirini na tano kwa majina ishirini na matano.

"Hakuna kasoro hata moja!" alisema, sauti ikimtoka kwa furaha. "Shuhuda, naandika maoni safi, kwamba madai ni ya kweli."

"Ni haki yako," ilijibu mashine.

Ng'ambo ya barabara, chini ya kipande cha turubai, alikaa mshona viatu wa makamo, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa. Pembeni yake palikuwa na dumu la maji lililokaribia kuisha.

"Wee binti mwenye mbuzi wa chuma," aliita. "Unakagua nini tangu asubuhi?"

"Shikamoo, baba. Nakagua kama wagonjwa wa sukari wamepata dawa."

"Marahaba. Na umewaona?"

"Nimewaona. Wote wamepata."

"Wote!" Mshona viatu aligeukia kiatu alichokuwa nacho mapajani kana kwamba ndicho anachokiambia. "Umesikia? Wote wamepata. Basi hii niliyonayo mimi ni mafua."

Eliwaza alivuka barabara. Mtu huyo alijitambulisha kuwa ni Mghenyi, mwenye kisukari mwaka wa nne sasa. Ndege walipita juu ya turubai lake kila Ijumaa bila kutua hata siku moja. Dawa alikuwa akigawiwa na dada yake wa Manyoni kutoka kwenye fungu lake mwenyewe, na chupa ya mwisho ilikuwa imekwisha juzi.

"Kwa nini hukujiandikisha?"

"Nilikwenda mara tatu." Mghenyi alinyoosha mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa laini, hazina mistari, zinang'aa kama kigae. "Kabla ya viatu nilikuwa fundi wa sakafu. Saruji, halafu tindikali ya kusafishia. Nusu ya jiji hili nimeipigia magoti mimi. Naweka kidole, kioo kinasema *hakuna mtu*. Naweka kingine, *hakuna mtu*. Nikamwambia yule dada wa dirishani, basi kama hakuna mtu, nani anakupotezea muda?"

Alicheka, lakini midomo ilikuwa imekauka, na akachukua dumu akanywa tena kwa pupa.

Eliwaza alihisi uso ukipata moto. Somo la tisa. Alikuwa amepata alama zote katika somo hilo. Ukitoka daftarini kwenda mlangoni, utajua kwamba walioandikwa wapo kweli. Ukitaka kujua kama waliopo wote wameandikwa, sharti utoke mlangoni uende daftarini. Alikuwa ameyajibu hayo kwenye kiwambo bila kufikiri mara mbili, na leo ametembea mtaa mzima kwa upande mmoja tu. Daftari lisingeweza kumtaja mtu lisiyemjua.

"Baba, leo kabla ya saa kumi nitakuletea dawa."

"Aa, mkaguzi. Mmezoea kusema mtarudi."

"Nitarudi."

Alianza upya. Safari hii hakuchukua jina lolote. Alichukua mlango wa kwanza wa mtaa, kisha kila wa tano, akauliza nani mle ndani ana sukari, halafu ndipo akatafuta jina daftarini. Kufikia saa nane alikuwa amepata watu watano zaidi wasiokuwemo: dobi wawili, mwashi, mama mkaanga samaki na mponda kokoto. Wote walikuwa na vidole laini.

"Sita," alisema.

"Nimewaandika sita," alisema Shuhuda. "Kwa ushahidi huu, ukiandika maoni yenye kasoro, yaani kwamba madai si ya kweli, utafaulu vizuri sana. Ripoti itafika ofisi ya jiji ndani ya siku kumi na nne."

"Mzee Mghenyi hana siku kumi na nne."

Zahanati ya mtaa ilikuwa na muuguzi mmoja zamu hiyo, dada mwenye macho ya uchovu. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Dawa ninayo, dada yangu. Lakini asiye daftarini lazima awe na mdhamini, mtumishi wa serikali au mwanafunzi wa chuo kinachotambulika. Anaweka kidole chake, mgonjwa anaingia kwa jina la mdhamini."

"Mwenyekiti wa mtaa je?"

"Kaenda msibani Itigi, anarudi Jumatatu."

"Na wewe?"

"Mtoa dawa haruhusiwi kumdhamini anayempa. Ningeshafanya hivyo zamani."

Eliwaza alijaribu kuwapigia simu wanne waliomjia akilini. Wawili hawakupokea, wawili hawakuwa na sifa. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na robo.

Shuhuda alisogea karibu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ni wajibu wangu kukujulisha. Ukiweka kidole kwenye daftari hilo, utakuwa sehemu ya kitu unachokikagua. Hutakuwa huru tena. Saini yako kwenye maoni haitapokelewa, na mtihani utafutwa."

"Najua. Somo la pili."

"Unaweza kuandika ripoti kwanza, uiwasilishe, halafu uweke kidole."

Eliwaza alilifikiria jambo hilo kwa kweli. Alihesabu kurasa. Ripoti ilihitaji dakika arobaini, na angemaliza saa kumi kasoro dakika tano akiwa bado zahanati, ahadi yake kwa Mghenyi imevunjika. Na hata angewahi, angekuwa anasaini kwamba yuko huru huku akijua anakwenda kufanya nini dakika inayofuata. Aliiona kazi ile, dawati, jina lake mlangoni.

"Wale sita," aliuliza, "nikifutwa, nao wanafutwa?"

"Hapana. Maoni ni yako, ushahidi ni wa chuo. Nilichokiona kitapelekwa kama nilivyokiona. Hakitakuwa na jina lako."

"Basi kipeleke."

Akaweka kidole. Kioo kikawaka kijani bila kusita, na muuguzi akafungua friji.

Njiani Eliwaza alilia kidogo, akifuta machozi kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika kikasha cha baridi. Shuhuda aliendelea kutembea naye.

"Mtihani si umekwisha?" alimuuliza.

"Umekwisha."

"Sasa unakuja wapi?"

"Nimetumwa kutazama hadi saa kumi. Na muhula ujao unaanza Februari. Masomo uliyofaulu hayafutwi, ni mtihani tu."

Mghenyi alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumba. Kwa sekunde moja Eliwaza aliogopa. Kisha jicho moja likafunguka.

"Saa ngapi?"

"Kumi kasoro kumi, baba."

Mghenyi alikitazama kikasha, kisha akamtazama Eliwaza na macho yake mekundu. Kejeli yote ikamtoka usoni.

"Wamekufanya nini huko, mwanangu?"

"Hawajanifanya kitu. Vua shati upande huu, nikuchome."

Akapiga magoti vumbini, akaivunja chupa muhuri wake, akavuta dawa kwa bomba la sindano polepole hadi kwenye mstari ambao muuguzi aliutia alama.