Picha ya Mama Mwiko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pini alifagia studio ya picha ya mama yake mdogo, akapanga viti vya wateja na kufuta vumbi kwenye kioo cha mbele. Aliitwa Pini kwa sababu ya wembamba wake, na alishalizoea jina hilo. Kazi aliyoipenda zaidi aliiacha ya mwisho: kuipangusa kwa kitambaa laini kamera ndogo ya kidijiti, inayoingia mfukoni kama kipande cha sabuni. Ukiiwasha, lenzi huchomoza yenyewe kama kobe anayetoa shingo. Ukiizima, hurudi ndani na kujifunika.

Wiki hiyo shule ilikuwa inajiandaa kumuaga mpishi wake, ambaye wanafunzi walimwita Mama Mwiko. Mwalimu wa darasa alitaka picha kubwa ya mpishi akiwa kazini, itiwe kwenye fremu, akabidhiwe siku ya kuondoka. Pini ndiye aliyechaguliwa kuipiga, na mama mdogo akamwazima kamera. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilipendeza sana. Akaipeleka kwa mwalimu, naye akaituma kuchapishwa, ikarudi imefungwa kwa karatasi.

Siku moja kabla ya kumuaga mpishi, mwalimu aliifunua picha hiyo darasani. Uso wa mpishi ulikuwa madoa matupu, macho hayaonekani, mdomo umepotea.

"Jamani," alisema mvulana mmoja aliyeitwa Redio kwa kuwa hanyamazi, "huyu ni Mama Mwiko au gunia la mkaa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Pini alisikia masikio yanawaka moto.

"Kamera ndiyo mbovu!" alifoka. "Mama mdogo alinipa kamera mbovu!"

Mwalimu alikunja uso. "Kumbe! Na sisi tulitaka kumpa mama yako mdogo kazi ya kupiga picha za vitambulisho vya shule nzima. Basi tutatafuta studio nyingine."

Pini alimtupia Redio jicho kali, akakaa.

Jioni alimkuta mama mdogo mlangoni, mikono kiunoni.

"Njoo hapa wewe! Mwalimu wako kanipigia simu. Kamera yangu mbovu?"

"Mama mdogo, picha ilitoka vibaya..."

"Sijauliza ilitokaje. Ulisimama wapi?"

"Barazani, nje ya darasa letu."

"Na mpishi alikuwa wapi?"

"Mlangoni kwa jiko."

"Ng'ambo ya uwanja! Miguu yako ilikuwa na nini hata usisogee?"

"Kuna moshi kule. Halafu yule mama ana maneno makali."

Mama mdogo aliinyakua kamera, akaiwasha na kubonyeza kitufe cha kuvuta karibu. Kwenye kioo alama ndogo ikapanda, ikafika kwenye mstari. "Mpaka hapa, lenzi yenyewe ndiyo inayovuta. Ukivuka mstari huu, lenzi haina tena pa kwenda. Kamera inakata kipande cha picha na kukitanua tu, kama nguo iliyovutwa mpaka ikaonyesha mwili. Kwenye kioo kidogo huoni kasoro, lakini ukiichapa kubwa, unaaibika. Nilikwambia usivuke mstari, sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Sasa kibovu ni nini hapo?"

Pini alitaka kumkasirikia Redio, moshi, hata huo mstari. Hasira ilimpanda, lakini hakupata pa kuitupa. Machozi yakamtoka.

"Lia, ukimaliza ulale," alisema mama mdogo, sauti ingali juu. "Kesho utakwenda na kamera hiihii. Kwanza utasema ukweli mbele ya hao uliowaambia uongo. Picha baadaye."

Asubuhi Pini alisimama mbele ya darasa. "Kamera ni nzima. Mimi ndiye niliyekosea, halafu nikasema uongo."

"Unajua ulikaribia kumnyima mtu kazi?" mwalimu alimkaripia. "Haya, nenda. Urudi na picha."

Jikoni moshi ulimpokea machoni.

"Nani kakuruhusu humu? Toka!" Mama Mwiko alinguruma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toka!"

"Naomba picha moja tu, mama. Ya kwanza niliiharibu kwa kukuogopa."

"Picha, na chakula changu kinaungua?"

Pini hakutoka. Alizima flashi ili mwanga wake usigonge moshi na kuifanya picha iwe nyeupe. Akasogea mpaka joto la jiko likamchoma mashavu, akabana viwiko mbavuni mikono isitikisike. Akabonyeza kitufe nusu, akangoja kisanduku cha kwenye kioo kilichozunguka uso wa mpishi kigeuke kijani. Mama Mwiko aligeuka, mwiko juu, kinywa wazi, tayari kufoka. Pini akabonyeza mpaka mwisho.

Mchana fremu ilipofunuliwa mbele ya shule nzima, kila tone la jasho lilionekana, kila mkunjo, na macho yale makali.

"Huyu ndiye mwenyewe!" alipiga kelele Redio. "Nipisheni nikimbie!"

Mama Mwiko aliisogelea picha. "Kumbe ndivyo ninavyowatisha watoto wa watu!" alisema, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga yake.

Baada ya masomo mwalimu alifuatana na Pini hadi studio, akaomba radhi, na kazi ya vitambulisho ikabaki palepale. Alipoondoka, Pini alidhani yamekwisha.

"Keti," alisema mama mdogo. "Bado nina hasira, na nataka ujue ni za nini. Picha ikiharibika tunaipiga nyingine. Lakini wewe uliogopa kuchekwa, ukachukua kosa lako ukanibandika mimi. Ungeendelea kunyamaza, jina langu ningelichapa wapi upya? Ukikosea, mwanangu, lisogelee kosa lako kama ulivyomsogelea yule mama leo. Litakuchoma kidogo, lakini utaliona vizuri na utalirekebisha."

"Nimesikia, mama mdogo. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nenda kaoge, unanuka moshi."