Kinandamfuko Kilichofunga Ramadhani

Kila asubuhi saa mbili, ngoma ndogo ilimshusha Bi Leokadia Mloka vidato mia mbili na kumi na viwili vya ngazi, kutoka mlangoni kwake hadi kituo cha tramu, na hakuna mtu mwingine mjini aliyeisikia.

Hiyo ilikuwa Morogoro ya miaka ile ambayo manispaa ilikuwa imeyafunga mawingu kwenye milima ya Uluguru kwa sumaku, mvua ikawa inatolewa kwa maombi. Mwenye shamba alijaza fomu apate saa mbili za manyunyu. Mwenye harusi alijaza fomu apate jua. Na karani akichanganya fomu, bibi harusi alilowa na mahindi yakakauka. Nyumba zilipanda mlima, moja imekaa juu ya mgongo wa nyingine, na tramu zilipita hewani kimya kimya, mpaka paka wakasahau kukimbia.

Ngoma ilitoka kwenye kinandamfuko, kijisanduku cha kuchezea muziki chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kilichoning'inia kifuani mwa Bi Leokadia. Punje mbili zilikaa masikioni, na chini ya soli za viatu kulikuwa na vihisi vilivyosikia kila kisigino kikigusa ardhi. Alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka, ule unaomfanya mtu aamue kutembea na miguu ikatae. Daktari alimweleza hivi: "Saa ya kichwani imesimama, mama. Tutakuvika saa ya nje." Bi Leokadia alikuwa fundi wa njia za tramu kwa miaka thelathini na minane, kwa hiyo alielewa mara moja. Kinandamfuko kikipiga dum, mguu unainuka. Dum, mwingine. Akikwama, kilipunguza sauti kikawa kinagonga tk-tk pembeni, kikamsubiri kwa upole, halafu dum, twende. Miaka tisa hakuanguka hata mara moja.

Jumamosi moja, kwenye kidato cha sitini na moja, ngoma ilinyamaza.

Mguu wa kulia ulibaki hewani. Alisimama hivyo dakika arobaini. Roboti mfagiaji alifika, akamzunguka mara tatu, akapima urefu wake, akatangaza kwa sauti ya kiofisi kwamba ameingiza sanamu mpya kwenye daftari la mtaa, kisha akampangusa viatu kwa heshima zote. Wanasema hata njiwa alianza kuleta vijiti. Hilo la njiwa sina uhakika nalo, lakini la viatu majirani wote waliliona, kwa sababu viling'aa wiki nzima.

Aliyemwokoa ni jirani yake, Mzee Gaudensi Chambuso, aliyemrudisha nyumbani kwa kumpigia makofi.

"Unapiga kama unafukuza kuku," Bi Leokadia alilalamika.

"Na wewe tembea kama kuku basi, tufike."

Mlangoni walikuta barua ya ofisi ya wazee. Ilisema kwamba Alhamisi atakuja mkaguzi. Kila mwenye miaka sabini na zaidi anayeishi peke yake mlimani ataonyesha kwamba anashuka ngazi zake bila kushikwa wala kusaidiwa na mtu. Asiyeweza atahamishiwa Makao ya Tambarare. Bi Leokadia aliyajua makao hayo: sakafu laini, uji unakuja wenyewe, na madirisha yanatazama madirisha.

"Huko mimi nitakufa kwa kupumzika," alisema.

"Basi kesho kutwa twende madukani Msamvu," Gaudensi akajibu, "ukachukue kinandamfuko kipya. Makofi yangu hayafiki Alhamisi."

Jumatatu akamteremsha, makofi mpaka kwenye tramu, makofi mpaka dukani, abiria wakidhani ni sherehe ya kuzaliwa.

Duka lilikuwa la Tausi Mbegu, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye bisibisi nywelani badala ya kitana. Aliwakaribisha, akawapa viti na chai, akapanga vinandamfuko vitatu kwenye meza.

"Hiki kinaitwa Jemadari. Kina akili mnemba iliyojifunza namna binadamu anavyotakiwa kutembea. Ukikivaa, bibi, wewe usifikiri chochote."

Bi Leokadia alikivaa. Mapigo yalimshika kama askari aliyemshika mwizi. Alivuka duka, akaipita kaunta, akafungua mlango wa nyuma, akaingia chumba ambamo mume wa Tausi alikuwa anakula maharage, akamsalimia, akazunguka meza yake, akarudi anahema.

"Kivue! Kivue kabla hakijanifikisha Dodoma!"

Cha pili, Mpenzi, kilimtembeza taratibu, ila kila hatua kilisema, "Hongera Leokadia! Hatua nzuri sana!"

"Kinanipongeza kama mtoto aliyejua kwenda chooni," alisema, akakiweka chini.

Cha tatu kiliitwa Kivuli. Tausi alieleza kwamba hiki hakiongozi, kinafuata tu mguu wa mwenye nacho. Bi Leokadia alisimama akisubiri kipige. Kivuli kikasubiri atembee. Walisubiriana mpaka chai ikapoa.

Gaudensi aliacha kucheka alipomwona mwenzake anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Siku zimebaki tatu, Gaude," alisema. "Cha kwangu kilikuwa kinanifuata, halafu kikiona nimekwama kinatangulia kidogo tu. Kidogo tu, nisione aibu."

"Na kilikuwa kinasali," Gaudensi akaongeza, ili kumchangamsha.

"Kinasali?" Tausi aliuliza.

"Usimsikilize huyu. Lakini ni kweli." Bi Leokadia alijifuta, akaeleza. Kila Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu kwa muda wa saa nzima, kinandamfuko kilikuwa kimya; yeye alijipanga awe ameketi. Mwezi wa Ramadhani, saa tisa alasiri mapigo yalilegea kama mtu anayeburuta gunia, na jua likishazama yalichangamka kama yamekunywa uji wa pilipili manga. Siku ya Idi kilipiga kwa madaha mpaka yeye, Mkatoliki wa kubatizwa na kipaimara, akajikuta anatembea kwa maringo kwenda kununua chumvi.

"Nilitaka kukipeleka kwa paroko," Gaudensi alisema. "Kikaulizwe kimesilimu lini."

Tausi hakucheka. Alichomoa bisibisi nywelani, akakifungua kile kinandamfuko cha zamani, akakichungulia muda mrefu.

"Bibi, humu ndani hamna akili."

"Adabu, mjukuu wangu."

"Nasema kweli. Kipande cha akili mnemba hakimo. Hakikuwahi kuwemo. Kuna betri, kuna antena, na namba ya laini. Laini imefungwa na kampuni siku mbili zilizopita." Aliinua uso. "Mapigo yalikuwa yanatoka mahali."

Aliunganisha antena na simu ya dukani, akapiga namba ile moja kwa moja. Iliita sana. Kisha mtu akakohoa.

"Shikamoo, Jozi ya Nne," ilisema sauti ya mwanamume.

Bi Leokadia aliishika meza. "Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Sadiki Mihambo, niko Tabora. Samahani, jina lako sikupewa. Kwangu wewe ni Jozi ya Nne. Umesimamia mguu wa kushoto, na kisigino kinatetemeka. Kaa kwanza, bibi."

Bi Leokadia akakaa.

Mihambo alieleza polepole, kama mtu aliyekatazwa kusema kwa miaka mingi na bado anaangalia mlango. Walikuwa wapigaji arobaini. Kila mmoja alipewa jozi moja ya miguu ya mgonjwa, kipokezi cha sikioni, na kibao cha kugongea kwa vidole. Waliambiwa mashine yenye akili haijawa tayari, washike nafasi yake miezi mitatu. Ikawa miaka tisa. Mteja aliahidiwa mashine, kwa hiyo mpigaji hakuruhusiwa kusema, kukohoa wala kupiga chafya. Kila walichopiga kilihifadhiwa, na kwa mapigo hayo akili mnemba ya Jemadari ikafundishwa. Ilipohitimu, wao wakaambiwa waache vifaa waende.

"Mimi changu nilisahau kukiacha," Mihambo alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajasahau kitu maishani.

"Jemadari ndiye ninyi?" Gaudensi alidakia. "Ndiyo maana anapiga kama watu arobaini waliokasirika."

"Subiri, Gaude." Bi Leokadia aliisogelea simu. "Bwana Mihambo. Mimi huwa nainuka saa yoyote. Naenda jikoni, naenda uani. Wewe ulikuwa unalala saa ngapi?"

"Ulipolala wewe."

"Na kula?"

"Mkono wa kulia ulikuwa na wewe, bibi. Sikujua utainuka saa ngapi. Nilikula kwa mkono wa kushoto, miaka tisa. Mama yangu mpaka anafariki alikuwa ananitazama sinia likiwekwa, anageuza uso. Alidhani nimekosa adabu ukubwani. Kumweleza nilikatazwa."

Gaudensi aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Kwa hiyo mimi Mluguru," Bi Leokadia alisema, "nimebebwa miaka tisa na Mnyamwezi."

"Mtani, kubeba mizigo ni kazi yetu ya asili," Mihambo alijibu. "Ila mzigo wenyewe haukuwahi kuwa mtulivu kama wewe."

Walicheka wote, hata mume wa Tausi mlangoni na sahani yake.

Mihambo aliposikia habari ya mkaguzi, alisema mara moja, "Alhamisi nipo. Laini hii iache wazi, nitakushusha. Na baada ya hapo pia."

Tausi alishaanza kuzifunga waya kwa furaha. Bi Leokadia alimzuia mkono.

"Siku hizi mbili umekula kwa mkono gani?"

"Wa kulia," Mihambo alisema. "Jana nilikula ugali. Niliona kama nimealikwa ugenini."

Bi Leokadia aliyafikiria Makao ya Tambarare, na yale madirisha. Kisha akasema, "Sirudishi kwako kazi hiyo. Nipigie mara moja tu. Ngazi zangu zote, mwanzo hadi mwisho, uhifadhi, unitumie. Baada ya hapo mkono ni wako."

"Bibi," Tausi alinong'ona, "rekodi haisubiri mtu. Ukikwama yenyewe inaenda."

"Najua. Nimetengeneza njia za tramu, mama. Najua kitu kinachosubiri na kisichosubiri. Haya, nipe kinandamfuko kisicho na akili kabisa."

Tausi alipekua droo ya chini kabisa, akatoa kijisanduku cha kijivu chenye kitufe kimoja, walichokitumia zamani kufundishia watoto wa chekechea nyimbo za kuhesabu. Hakikuwa na vihisi wala sauti ya kupongeza. Hakikumjua mtu. Bi Leokadia alikipima mkononi, akasema, "Hiki."

Jumatano rekodi ilifika. Mihambo alituma na ujumbe mfupi: hakuwahi kuziona ngazi hizo, lakini miguu imemwonyesha. Kidato cha kumi na tisa kina ufa, kwa sababu hapo kisigino hutua kwa wasiwasi. Cha themanini ni kipana. Kuna kona yenye maji maji.

Alhamisi saa nne mkaguzi alikuja, Bwana Telesfori, mtu mpole mwenye kalamu ya mwanga na haraka ya kuwaona wazee sita kabla ya chakula. Alisimama chini, karibu na kituo. Majirani walijaa madirishani, wengine wameshika mioyo yao, wengine vikombe.

Bi Leokadia alitia punje masikioni, akabonyeza kitufe.

Dum. Kidato cha kwanza. Dum. Kwenye kumi na tisa ngoma ilichelewa kidogo, ikampisha ufa. Kwenye themanini ikanyoosha pigo, mguu ukanyooka nao. Alishuka hivyo, mgongo wima, mpaka kwenye kona ya tangi la maji. Hapo alimwona mkaguzi anamtazama, akayaona madirisha yote yanamtazama, na miguu ikaganda.

Gaudensi aliinua mikono apige makofi, akakumbuka hairuhusiwi, akaiuma.

Masikioni mwa Bi Leokadia, ngoma nayo ilikuwa imeshuka. Tk-tk. Tk-tk. Mihambo alikuwa amemsikia miaka tisa. Alijua kwamba akitazamwa huganda, na kwamba huganda kwenye kona, na kwa muda gani. Alikuwa ameuweka muda huo mle ndani, siku mbili kabla, akiwa peke yake Tabora. Tk-tk. Tk-tk. Halafu dum, kidogo tu, na mguu wa kushoto ukainuka.

Kidato cha mia mbili na kumi na mbili alikikanyaga saa nne na dakika kumi na moja. Madirisha yalilipuka kwa vigelegele. Bwana Telesfori aliandika, akatabasamu, akamwonyesha kwa mkono asogee atie kidole kwenye fomu.

Bi Leokadia hakusogea.

Rekodi ilikuwa haijaisha. Baada ya kidato cha mwisho palikuwa na ukimya mfupi, kisha Mihambo akaanza kupiga tena, sasa kwa viganja vyote viwili. Mapigo haya hayakuwa na kisigino cha mtu ndani yake. Yalikwenda yalikotaka, yakakimbia, yakarudi nyuma, yakajizungusha, yakacheka. Yalikuwa ya mwanamume aliye nyumbani kwake, ameshiba, hamsubiri mtu.

Mkaguzi aliinua kalamu kwa wasiwasi. "Mama? Umeganda? Niandike umeganda?"

Bi Leokadia aliinua kidole kimoja kumtuliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa anatabasamu.

"Sijaganda, baba. Nimesimama," alisema. "Kuna mtu anapiga. Tumwache amalize."