Rufaa ya Heriel na Mashine ya Marehemu

Mashine haikuwa kwenye umeme, lakini feni yake ilikuwa inazunguka.

Heriel, fundi kompyuta wa Bagara, akacheka. Wanaume wa mdomo hucheka kwanza, hukojoa baadaye. Alikuwa amebuni kidude cha kupunguza kasi ya saa ya ndani ya kompyuta, yale mapigo yanayoiendesha, ikianza kuchemka. Akaomba hataza, wazo liwe mali yake kisheria. Akanyimwa: marehemu Konstantini wa Mutuka alishatangulia kukibuni. Akakata rufaa. Kesho wakaguzi wanakuja kuiona mashine ya Konstantini, kwa hiyo leo lazima ife.

Asubuhi mjane wa Konstantini, Mama Rosa, alimsihi. "Fundi, hatujaanua matanga. Chombo cha marehemu hakitoki nyumbani."

"Mama Rosa, kompyuta haina mila," akajibu, akaibeba.

Sasa akainua nyundo. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa kibandani mwake, jua la mchana likiwaka nje. Nyundo ikatua. Bati la mashine likalia kama mbuzi anayechinjwa.

"Kaka, acha!" alinong'ona Jesse, mwenzake wa kazi. "Inatoa damu!"

"Kutu hiyo, mwoga we!"

Akapiga tena, feni ikaongeza kasi, na moyo wake ukaifuata, ukakimbia mpaka damu ikamruka puani, kisha feni ikapoa na moyo nao ukapoa mpaka midomo ikawa ya majivu, halafu mkono wake mwenyewe ukageuza nyundo ukaponda goti lake, na Jesse alipomshika, nyundo ikamng'oa meno matatu yakatawanyika sakafuni kama punje za mahindi.

Jesse akampigia simu Mama Rosa. Mjane akafika na bajaji, kanga ya msiba kichwani.

"Baba Rosa," akasema kwa sauti ya chini, "unataka nini?"

Mdomo wa Heriel ukafunguka, sauti ikatoka ya mzee. "Aseme nani alianza kubuni."

"Sema, kaka!" Jesse alilia, mdomo umejaa damu. "Achana na rufaa!"

Heriel akamwangalia mjane. Jina lilikuwa moja tu, jepesi kabisa. Lakini unamjua mtu wa sifa.

"Mimi," akasema.

Feni ikapiga yowe. Kifua chake kikapasuka kwa ndani, kikasikika mpaka barabarani.

Kesho yake mkaguzi akainama, akaweka sikio kwenye bati.

"Mama," akauliza, "mbona humu mnasikika mapigo ya watu wawili?"