Pembe Nne za Shuka

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake anashika mbili. Wanavuta, wanakung'uta, wanakutana katikati. Hata mtoto anaelewa. Lakini katika chumba cha kufulia nguo za hospitali, Mama Pacha alikunja peke yake.

Alilibana shuka kwa kidevu. Alinyoosha mikono mpaka mabega yakauma. Upande mmoja ukapanda, upande mwingine ukashuka, ncha ikagusa sakafu. Shuka likigusa sakafu hurudi kufuliwa. Asubuhi hiyo yalikuwa yamerudi sita.

Wenzake walikuwa wanane. Wanne walikuwa watu wa bondeni, nao walifanya kazi kwenye meza ya dirishani. Wanne wengine walikuwa watu wa milimani, kwenye meza ya mlangoni. Kila meza iliongea lugha yake ya nyumbani na kutaniana kwa lugha hiyo. Msimamizi ndiye aliyewapanga hivyo. Walimwita Bwana Saa, maana macho yake hayakubanduka kwenye saa yake ya mkononi.

"Kila mtu na watu wake," alipenda kusema. "Hivyo kazi inakwenda."

Mama Pacha alitoka ng'ambo ya mto. Hapo kazini, kabila lake lilikuwa yeye mwenyewe. Basi alipewa meza ya pembeni, karibu na mapipa ya sabuni. Miezi mitatu ilipita. Hakuna aliyejua kwamba ana mapacha. Walimwita "yule wa ng'ambo", na wakiwa na haraka, "yule".

Wiki mbili za mwanzo alisalimia kila asubuhi. "Habari za asubuhi, jamani." Soga ziliendelea kama hakuna aliyeingia. Wiki ya tatu alikata tamaa, akawa anaingia kimya. Mchana alikula nyuma ya kamba za kuanikia, mashuka yamemzunguka pande zote. Kule kwenye meza ya mlangoni alikuwako mwanamke mmoja wa milimani, mnene, mwenye sauti kubwa, aitwaye Bi Kicheko. Kila Bi Kicheko alipocheka, Mama Pacha aliamini anachekwa yeye. Alikifunika chakula chake.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi pia. Mumewe alikuwa dereva wa lori, leo yuko, kesho hayuko. Mapacha wao, wasichana wa miaka tisa, walikuwa na jambo la kumwambia.

"Mama, ukija kutuchukua shuleni, usituite kwa lugha yetu," alisema Kulwa.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Watu wanageuka."

"Na hapa nyumbani je?"

Doto alifikiri kidogo. "Hapa sawa. Ila ufunge dirisha."

Mama Pacha alikwenda kufunga dirisha. Alisimama pale kwa muda mrefu, mkono kwenye komeo, akijizuia kulia mbele ya watoto.

Siku ya Alhamisi Bwana Saa alimjia mezani.

"Mashuka yako yamepinda kama njia ya ng'ombe," alisema. "Jumatatu unahamia chumba cha nguo chafu."

Chumba hicho hakikuwa na dirisha. Mtu alifanya kazi humo kutwa nzima bila kuona uso wa mtu. Mama Pacha aliendelea kukunja. Moyoni alisema, bora niache kazi kabisa. Lakini aliipenda kazi ile. Alipenda harufu ya shuka safi, na alipenda kufikiri kwamba mgonjwa atalala vizuri.

Kabla Bwana Saa hajaondoka, mlango ulifunguliwa. Aliingia muuguzi mkuu, shuka moja chini ya kwapa.

"Nani kalikunja hili?" aliuliza.

Macho yote yalimwendea Mama Pacha.

"Ni mimi, dada."

"Sikuja kugomba. Tazama mikunjo hii. Mgonjwa asiyeweza kugeuka akilalia shuka la hivi, ngozi inasuguliwa na kuchubuka. Baadaye anapata kidonda. Hebu nioneshe unavyokunja."

Mama Pacha alilibana shuka kwa kidevu. Muuguzi alitazama, kisha akageukia meza ya dirishani. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama tu, mikono kiunoni.

"Na yule anamngoja nani?"

"Mwenzake hakuja leo," alijibu Bwana Saa.

"Kwa hiyo mmoja anakunja kwa kidevu, na hatua tano kutoka hapo mwingine hana wa kukunja naye?"

Bwana Saa aliangalia saa yake. Saa haikumsaidia.

"Dada, wale ni makabila tofauti. Ukiwachanganya hawataelewana."

"Wakija kwako kuomba ruhusa wanaongea lugha gani?"

"Kiswahili."

"Wote?"

"Wote."

"Basi wanaelewana."

Bwana Saa alijikuna shingo. "Nipige marufuku lugha za nyumbani, sivyo?"

"Hapana, kaka yangu! Ukimnyang'anya mtu lugha yake, ataishika kwa nguvu zaidi na kukuona adui." Muuguzi aliweka shuka mezani. "Mtu ana 'sisi' nyingi. Mimi ni mtu wa kwetu, ni mama, ni muuguzi. Sihitaji kuacha moja ili niwe nyingine. Kabila si kosa. Kosa ni kulifanya ratiba ya kazi. Ukiwatenga watu kila siku, wanaona 'sisi' ni moja tu, na wengine wote ni 'wale'. Wape kazi moja waifanye pamoja, bila mkubwa wala mdogo, na wewe msimamizi uwaunge mkono. Hawa wote ni sisi wa kufulia. Mgonjwa hajui shuka lake limekunjwa na kabila gani."

Bwana Saa alishusha mkono wenye saa. Kisha akasema, "Ni mimi niliyewapanga. Jumatatu nitawapanga upya wawili wawili, na wa tisa atapanga mashuka rafuni kwa zamu. Na wewe, mama, chumba kile sahau."

Jumatatu Mama Pacha alipangwa na Bi Kicheko. Katika watu wote, Bi Kicheko! Walivuta shuka kimyakimya. Likawaponyoka mikononi.

"Wewe unavuta kama nimekuibia," alisema Bi Kicheko.

"Nimezoea kuvutana na kidevu changu."

Bi Kicheko akaangua kicheko. Kisha akakikata ghafla. "Sisi tuliambiwa watu wa ng'ambo wana maringo. Hata kusalimia husalimii."

"Nilisalimia wiki mbili. Hamkuitikia."

"Hatukusikia."

"Mlisikia."

Mashine zilinguruma. Bi Kicheko aliikunja na kuikunjua ncha ya shuka.

"Tulisikia," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, ndugu yangu."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Wakalirudisha lile kufuliwa, wakachukua jingine, wakaanza tena.

Haikuwa rahisi. Wiki nzima watu walinuniana na kukosea. Mchana bado wengine walikaa na watu wao, na hakuna aliyewakataza. Lakini mashuka yaliyorudi kufuliwa yalipungua, na meza ya pembeni ilibaki ya kuwekea sabuni. Siku moja Bi Kicheko aliuliza, "Kwenu 'vuta' mnasemaje?" Mama Pacha alimfundisha. Tangu hapo Bi Kicheko alilipaza neno hilo chumba kizima, vibaya sana, na Mama Pacha akacheka mpaka machozi. Jioni alikisimulia kisa hicho nyumbani. Mapacha walicheka, kisha Doto akaenda akafungua dirisha, akalirudia neno hilo kwa lugha yao kwa sauti kubwa.

Mwezi wa pili wa mpango huo mpya, Kulwa aliamka na homa. Mama Pacha alituma ujumbe kazini, akampeleka kwa daktari kwanza, akafika amechelewa saa nzima. Alisimama mlangoni. Alijua atakuta mtu mwingine mahali pake.

Bi Kicheko alikuwa amesimama katikati ya chumba. Bwana Saa alikuwa pembeni yake, akiangalia saa.

"Nimempa wa kukunja naye, amekataa," Bwana Saa alilalamika. "Amesimama hapo kama nguzo."

"Nilimwambia namngoja mwenzangu, Mama Pacha," alisema Bi Kicheko. "Mtoto hajambo?"

Mkononi alishika shuka. Pembe mbili alizibana yeye. Pembe mbili nyingine alikuwa amezilaza juu ya meza safi, zisiguse sakafu, mahali ambapo Mama Pacha husimama.