Taa ya Mchezaji wa Pili

Kisilu alinisimulia haya mwenyewe, na sikumpa pole.

Mwaka 1957 tajiri mmoja wa Thika, aliyekusanya mashine za umeme za kuchezea gololi, alimtuma Ruiru akachukue moja katika stoo ya klabu ya masetla wa Kizungu. Kisilu aliijua. Yeye na Nzioka ndio waliokuwa mafundi wa mashine hiyo hapo klabuni. Kila wakishaitengeneza waliijaribu kwa mchezo mmoja, Nzioka wa kwanza, Kisilu wa pili, taa ya kila mmoja ikiwaka zamu yake ikifika.

Mara ya mwisho Kisilu hakucheza. Alikuwa amemchongea mwenzake kwa askari kwamba amekula kiapo cha wapigania uhuru, ili abaki fundi peke yake. Walimkamata Nzioka ndio kwanza amemaliza mchezo wake.

"Mimi nimecheza, Kisilu," alisema. "Imebaki zamu yako."

Alifia kizuizini.

Sasa, mle stoo, Kisilu alichomoa waya wa umeme wa mashine ukutani, akauzungusha mkononi. Akatoa gololi zote tano za chuma zisije zikavunja kioo njiani, akazifunga kwa leso, akazitia mfukoni. Upepo ukabamiza mlango. Ilikuwa saa sita mchana, lakini stoo haikuwa na dirisha.

Katika giza akasikia springi ikivutwa polepole, ikaachiliwa. Gololi ikabingiria chini ya kioo, ikagonga kengele, ikagonga tena, ikatumbukia shimoni.

"Nzioka?" aliita. "Ndugu yangu, nisamehe."

Akapapasa mfuko. Zote tano zilikuwemo. Waya bado ulikuwa mkononi mwake.

Mbele yake, taa ya mchezaji wa pili ikawaka.